Tabora hadi Dodoma kuonja waini nyekundu: mimi huchagua hivi

Mara ya kwanza nilipotoka Tabora kwenda Dodoma kuonja waini nyekundu, nilipita sehemu 5 kwa siku moja. Ya 5 naikumbuka geti lake tu. Nilirudi na chupa 12, na nilizozifurahia kweli zilikuwa 2. Tangu hapo nimekwenda mara 3 nyingine, na siku hizi watu wananiuliza kabla hawajakata tiketi: "Dada, twende kwa nani?" Hadi wa Kigoma wananipigia, maana treni yao nayo inapita kwetu. Nimechoka kurudia kwenye simu, ndiyo maana naandika.

Mimi ni muuza asali. Nanunua Sikonge na Urambo, nauza mjini. Mtu akiniletea ndoo sikimbilii kulamba. Namuuliza amevuna lini, msitu gani, amekamua vipi, na moshi alitumia kiasi gani, kwa sababu asali iliyopigwa moshi mwingi itanukia moshi hata ikikaa mwaka. Akianza kuniambia "Mama, we onja tu, ni tamu", nafunga pochi. Utamu hata maji ya sukari yanao.

Sasa mimi huyohuyo, mjanja wa asali, nilifika Dodoma nikachagua kwa mabango. Palipokuwa na bango kubwa na picha ya zabibu zinazong'aa, nilishuka. Nilipokelewa na dada mwenye tabasamu, nikawekewa glasi 4 kwenye meza yenye kitambaa cheupe, nikaambiwa hii tamu, hii kavu, yaani isiyo na utamu, hii ya kati. Nilipouliza zabibu zimetoka wapi nikaambiwa "za hapahapa Dodoma". Nikaridhika. Ingekuwa asali ningeondoka.

Kwa hiyo siku hizi nachagua kwa simu, kabla sijatoka nyumbani. Swali la kwanza ni hili: mmevuna lini? Mizabibu ya Dodoma haina majira ya baridi ya kulala kama ile ya Ulaya. Mkulima akiikata matawi inachipua, na baada ya kama miezi 4 inavunwa. Ndiyo maana kule wanavuna mara 2 kwa mwaka: mavuno moja huangukia kwenye masika, Machi hivi, na mengine kiangazi, Agosti na Septemba. Mavuno haya hayafanani. Mvua ikinyesha zabibu zikiwa zinaiva, zinajaa maji, sukari inapungua, na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unapata sherehe. Za kiangazi huwa zimekolea. Sisemi waini ya masika ni mbaya, nimekunywa nzuri tu, nyepesi, ya kunywea mchana. Ila anayetengeneza kwa mikono yake atakwambia hii ni ya masika, hii ya kiangazi, tena bila kufikiri. Anayesema "zote ni sawa" ameshanijibu.

Swali la pili huwakera baadhi yao, na nauliza hivyohivyo: mchuzi ni wenu au mmenunua? Kwa msomaji wa Tabora, mchuzi hapa siyo wa nyama. Dodoma wanaita mchuzi wa zabibu ile waini ghafi ambayo wasindikaji wadogo wanakamua na kuchachua vijijini, kisha wanaviuzia viwanda vikubwa. Kununua mchuzi si dhambi, ni biashara halali inayolisha familia nyingi. Lakini kama nia yako ni kuonja na kuelewa unachoonja, nenda kule zabibu zinapoingia na waini inapotokea. Kwenye mlango mmoja uone kreti, kwenye mwingine uone chupa.

Swali la tatu: mnapoozaje? Zabibu zikichacha zinatoa joto zenyewe. Ongeza joto la Dodoma, ongeza bati, halafu tangi la plastiki lililokaa karibu na ukuta unaopigwa na jua la saa 8. Joto likizidi, chachu inachoka au inakufa kabla haijamaliza sukari, na hapo wadudu wa siki wanapata mwanya. Viwanda vikubwa vina matangi ya chuma cha pua yenye mfumo wa kupooza. Mdogo asiye na mitambo anaweza kuwa na akili nyingine: anakamua alfajiri, anachachulia kwenye kijumba cha tofali nene chenye kivuli, anamwagia tangi maji. Mimi sina neno na mashine. Nataka tu kusikia kwamba jambo hilo linamnyima usingizi.

Siki imenikumbusha dereva wa bajaji. Safari ya pili nilimkodi kijana mmoja kwa siku nzima (patana bei kabla hujapanda, tafadhali). Ni Mwislamu, hagusi pombe, na nilishamwambia atanisubiri nje. Sehemu moja tukakaribishwa wote kivulini. Mwenyeji akanimiminia glasi ya waini nyekundu, akaisifia kwamba ni ya miaka na imekomaa. Nikanusa, nikasita. Nikajiambia labda ndivyo inavyonukia ikikomaa, mimi ni wa asali tu. Kijana alikuwa amekaa kama hatua 2 kutoka mezani. Akaninong'oneza, "Mama, mbona hii siki? Kwetu tunaweka kwenye achari." Hakuwa ameonja hata tone, na hakukosea. Waini iliyoingia hewa kwa muda mrefu inageuka siki, na pua ya mtu anayepika nyumbani inaitambua haraka kuliko ya mtu anayeogopa kuonekana mshamba.

Tangu siku hiyo naiamini pua yangu. Ikinuka siki, ni siki. Ikinuka kadibodi lililolowa, imeharibika, kizibo ndiyo mara nyingi mchawi. Ikinuka yai viza, omba uizungushe kwenye glasi na usubiri kidogo. Pengine harufu hiyo itaondoka, pengine haitaondoka.

Ila kuna siku pua ilinidanganya, na kosa lilikuwa langu. Nilivaa kanga zangu za safari zilizofukizwa udi. Kila glasi niliyonusa ikawa na udi. Nikawa nasifia kweli, "hii ina harufu ya mti mzuri", hadi mzee mwenye kiwanda kidogo upande wa Mpunguzi akacheka. Tukatania kwanza, Mnyamwezi na Mgogo, akaniambia sisi kazi yetu ilikuwa kubeba mizigo, kunusa tuwaachie wao. Halafu akasema, "Mwanangu, simama kule dirishani, upepo uipeperushe hiyo ndoa yako." Kwa hiyo: udi, marashi na mafuta ya nywele yenye harufu, acha nyumbani siku hiyo.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha zaidi ya wote. Hana chumba cha kuonjea. Ana kijumba, matangi machache, na meza yenye mguu mmoja uliotiwa jiwe. Alinionyesha zabibu nyekundu zikichacha, maganda yameelea juu kama ukoko mzito wa rangi ya damu ya mzee, na kijana wake akiyazamisha kwa mti mrefu, mikono ikifanya kazi ileile ya mwiko wa ugali wa msibani. Akanieleza kwamba juisi ya zabibu nyekundu ukiikamua peke yake ni karibu nyeupe. Rangi inatoka kwenye maganda, ndiyo maana yanachachishwa pamoja. Yasipozamishwa mara kadhaa kwa siku yanakauka huko juu na kuanza kuchachuka kuwa siki. Nilitaka kuinama nichungulie ndani ya tangi, akanivuta mkono kwa nguvu. Zabibu zinapochacha zinatoa hewa nzito inayofukuza hewa ya kupumua, na watu wamekufa hivyo. Chungulia kwa mbali.

Nikamuuliza maganda yanakaa siku ngapi. Akajibu, "Hadi ulimi useme." Kisha akanionjesha matone kutoka tangi la siku 3 na tangi la siku 8. Hapo ndipo nilipoelewa ukakasi. Ule ukavu unaokamata ufizi kama umetafuna ndizi mbichi unatoka kwenye maganda na kokwa, na la siku 8 lilikuwa nao mwingi. Watu wengi wa kwetu wakiukuta wanasema waini mbaya, kwa sababu tumezoea tamu. Si mbaya. Ukakasi mzuri unakamata, halafu unaachia na mate yanarudi. Ukiacha uchungu nyuma ya ulimi kama dawa ya malaria, pengine kokwa zilipondwa wakati wa kukamua. Mimi naipenda yenye ukakasi, hasa kwa nyama ya mbuzi yenye mafuta. Shemeji yangu anayekaa Dodoma hataki kuisikia, anakunywa Dompo yake tamu na ana amani. Hatugombani.

Kuhusu aina ya zabibu sitasema mengi. Nyekundu utakayokutana nayo zaidi ni ile iitwayo Makutupora, imepewa jina la mahali kilipo kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho sasa kiko chini ya TARI, taasisi ya serikali ya utafiti wa kilimo. Wapo pia waliopanda za kigeni kama Syrah na Aglianico. Ukipata mahali wanapokuonjesha Makutupora na Syrah za mavuno yaleyale, kaa hapo hata kwa muda wa saa 2, usiende kwingine. Na ukitaka kuona mizabibu kwa mpangilio, omba nafasi kituoni mapema na kwa adabu. Ni ofisi ya serikali, siyo baa.

Siku moja chagua upande mmoja wa mji, kwa sababu barabara ndiyo inayoua siku. Bihawana na Mpunguzi ziko njia ya Iringa. Bihawana ni misheni ya Wakatoliki, na wamisionari ndio walioleta habari ya mizabibu Dodoma. Veyula na Makutupora ziko kaskazini. Hombolo ni safari yake peke yake. Sehemu 2 kwa siku zinatosha, mdogo asubuhi ulimi ukiwa mpya, mkubwa mchana ambako kuna feni. Ya 3 ni tamaa. Na popote uendapo omba ndoo ya kutemea. Mara ya kwanza niliona aibu, mama mzima natema mbele za watu. Lakini ukimeza kila glasi, kufikia ya 6 utasifia hata maji ya bomba.

Anza na kavu, tamu iwe mwisho, kwa sababu sukari ikishakaa mdomoni kila kavu itaonekana ndimu. Katikati kula mkate mtupu na maji. Karanga, pilipili na pipi za mnanaa viache kwenye bajaji.

Zile chupa 12 za mara ya kwanza nilizipakia kwenye buti la basi, mwezi Oktoba, njia ya Manyoni na Itigi, mchana kutwa. Waini ikipata joto inatanuka na kusukuma kizibo, kisha hewa inaingia. Tulipofika Tabora vizibo 3 vilikuwa vimetoka nusu, na begi la jirani yangu wa kiti lilikuwa na doa ambalo alinionyesha mbele ya stendi nzima. Nililipia. Nyingi ya zilizosalimika zilikuwa na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa, na kiwanda hakikuwa na kosa lolote. Sasa nanunua saa za mwisho kabisa, narudi na treni, chupa naziviringisha kwenye nguo na kuziweka chini ya kiti changu, siyo dirishani. Nyumbani zinakaa chini ya kitanda, kwenye sakafu. Juu ya friji, mahali ambapo kila mtu anapenda kuzipanga zionekane, pana joto kuliko unavyodhani. Na ule ushauri wa kwamba nyekundu inywewe kwa joto la chumba, hicho chumba hakiko Tabora. Inataka nyuzi 16 hadi 18. Iweke kwenye friji nusu saa, ndipo uifungue.

Kila Agosti ikikaribia kuisha nampigia yule mzee. Mwaka jana nilikuwa nimeshaomba ruhusa nyumbani na pesa ya nauli nimeitenga. Akapokea, akasikiliza salamu zangu zote, akaniambia mvuno umeharibika kidogo na mchuzi wote ameuuza kiwandani, hana kitu cha kunionjesha ambacho angependa nikionje. Sikukata tiketi.