Saa ya maunzi inayochelewa kompyuta ikiwa imezimwa

Swali: Kompyuta yangu ya Linux husawazisha saa yake kupitia intaneti kwa chrony, programu ya kulinganisha saa, lakini ikikaa siku kumi ikiwa imezimwa, huwaka ikiwa imechelewa sekunde 20 hivi. Kila usiku huendesha `hwclock --systohc`, amri inayonakili saa ya mfumo kwenye saa ya maunzi, yaani ile inayoendelea kwa betri mashine ikiwa imezimwa. Je, niongeze na `hwclock --adjust`, inayofidia kuchelewa kwa saa hiyo?

Jibu: Ndugu msomaji, usiongeze. Sekunde 2 kwa siku, katika siku yenye sekunde 86,400, ni takriban sehemu 23 kwa milioni, na hilo si kosa la kushangaza kwa saa inayotegemea fuwele ndogo yenye mitetemo 32,768 kwa sekunde, ambayo hupunguza kasi joto likizidi au likipungua kutoka nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Betri usiilaumu, ikichoka, kwa kawaida saa hurudi kwenye tarehe ya zamani kabisa.

Tatizo la `--adjust` ni kwamba hutegemea faili `/etc/adjtime`, lenye kiwango cha kuchelewa na wakati saa iliporekebishwa mara ya mwisho, na huchukulia kwamba tangu hapo hakuna mwingine aliyeigusa saa hiyo. Kumbe chrony ikiwa na agizo `rtcsync` katika mipangilio yake, kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux, hunakili saa ya mfumo kwenye saa ya maunzi kila dakika 11 bila kuandika chochote katika faili hilo. Ukiamuru marekebisho, utaifidia saa ambayo imekwisha kusahihishwa. Na ukijaribu kupima kuchelewa kwa `--update-drift`, utapata karibu sifuri, maana kerneli imefuta ushahidi. Amri yako ya usiku nayo inarudia kazi iliyokwisha kufanyika.

Ikiwa intaneti hupatikana mara tu mashine inapowaka, mimi ningeacha mambo yalivyo. Isipopatikana, ondoa `rtcsync`, weka `rtcfile /var/lib/chrony/rtc` (faili la kuhifadhia vipimo), futa amri ya usiku, kisha chronyd, sehemu ya chrony inayofanya kazi chinichini, ianzishwe kwa chaguo `-s`, ili ipime yenyewe mwendo wa saa ya maunzi na kufidia muda uliopita wakati wa kuwasha. Usitarajie usahihi kamili, kwa sababu vipimo huchukuliwa mashine ikiwa na joto, ilhali kuchelewa hutokea ikiwa imepoa.

Saa ya maunzi ikiwa katika UTC, yaani saa ya kimataifa, ongeza pia `rtconutc`. Bila agizo hilo, chronyd huichukulia kuwa ya saa za mahali ulipo, na kosa linaweza kuwa la saa kadhaa badala ya sekunde.