Maswali ya bustani: sakitu, maranda na mchicha uliogoma

Barua za mwezi huu zimetoka karibu zote Nyanda za Juu Kusini, na karibu zote zinalalamikia baridi.

Tunalima mboga bondeni, karibu na kijito, Njombe mjini. Mwezi Juni, asubuhi moja tu, nyanya zetu zilikuwa nyeusi. Za jirani aliye juu ya mteremko ni nzima. Huu ni ugonjwa gani?

Si ugonjwa, ni sakitu, yaani baridi kali ya usiku inayogandisha maji kwenye majani. Jani lililopigwa na sakitu hulegea kama lililomwagiwa maji ya moto, na jua likishapanda huwa jeusi. Yote hutokea usiku mmoja. Bakajani chelewa, ugonjwa unaofanana nayo, huchukua siku kadhaa: huanza na madoa ya kahawia, na hali ikiwa na unyevu utaona ukungu mweupe upande wa chini wa jani.

Jirani yako amepona kwa sababu ya mahali alipo. Hewa ya baridi ni nzito. Usiku usio na mawingu wala upepo huteremka polepole na kutuama bondeni. Ndiyo maana vinyungu, yaani bustani za bondeni, ambavyo wakati wa kiangazi vina neema ya maji, ndivyo vinavyoungua kwanza. Kama upande wa chini wa bustani kuna ua mnene, unaizuia hewa hiyo isitoke. Acha uwazi wa mita moja au mbili mahali palipo chini kabisa.

Kati ya Juni na Agosti, jioni mbingu ikiwa safi na upepo umetulia, jiandae. Mwagilia udongo mchana, sio majani, kwa kuwa udongo wenye unyevu hutunza joto la jua kuliko mkavu. Kabla jua halijazama, funika miche kwa turubai, viroba vilivyochanwa au nyasi, ukitanguliza fito ili kifuniko kisiguse majani. Jani linalogusa nailoni huungua vilevile. Kifuniko kishuke hadi chini pande zote, maana joto linalookolewa ni lile linalopanda kutoka ardhini. Wengi hufunika saa nne usiku, wakati joto hilo limeshapotea. Asubuhi jua likianza kuchoma, ondoa kifuniko.

Mmea ulioungua usiung'oe haraka. Subiri wiki moja. Shina likiwa bado bichi, utaona machipukizi.

Hata hivyo, ushauri wetu ni kutolima nyanya bondeni miezi hiyo. Hata pasipo sakitu, usiku wa chini ya nyuzi 13 chavua hudhoofika na maua hupukutika bila kufunga tunda. Weka kabichi, karoti au liki. Njegere pia huvumilia, ila maua yake huungua, kwa hiyo panga zichanue baada ya Agosti. Nyanya sia kitaluni mwanzoni mwa Agosti chini ya nailoni, uhamishe miche katikati ya Septemba. Kabla ya kuhamisha, izoeshe jua kidogo kidogo kwa siku 7 hadi 10, kwa sababu jua la milimani ni kali kwa mche uliokulia kivulini, hata kama hewa ni baridi. Mvua za Novemba zikianza, nyanya ziwe chini ya paa la nailoni lililo wazi pembeni, na mbali na viazi mviringo: bakajani chelewa ni ya mazao yote mawili.

Hapa Mafinga maranda ya misonobari ni ya bure. Tumejaza tele kwenye matuta, mboga zimekuwa njano. Kwa nini?

Vijidudu vinavyoozesha maranda vinahitaji naitrojeni, kirutubisho cha majani, na maranda yenyewe karibu hayana. Basi huichukua kwenye udongo na mboga hubaki na njaa. Kwa sasa yakusanye yaliyo juu. Yaliyokwisha kuchanganyika yafidie kwa samadi ya kuku iliyoiva, ndoo moja ya lita 20 kwa kila mita 4 za mraba.

Mahali pake maranda ni bandani kwa kuku kwanza, halafu kwenye lundo la mboji. Kwenye baridi lundo dogo halichemki, kwa hiyo lifikishe angalau mita moja kila upande, yaani urefu, upana na kimo. Kwa ndoo moja ya maranda weka ndoo mbili za samadi mbichi na mbili za majani mabichi, halafu lifunike kwa nyasi nene. Chukua konzi moja uikamue: yakidondoka matone machache, unyevu unatosha, yakitiririka, maji yamezidi. Pindua baada ya wiki 3, rudia mara mbili. Msiongeze chokaa kwenye lundo hilo, itafukuza naitrojeni ile ile mnayoitafuta.

Mchicha wangu hapa Mbeya umedumaa, na chainizi imetoa maua kabla ya kuliwa.

Mchicha ni zao la joto. Sia kuanzia Oktoba. Chainizi ni kinyume: miche ikikaa kwenye baridi wiki kadhaa, huharakia kuchanua. Kwa Juni na Julai panda sukuma wiki na figiri.

Tuko 12 kwenye uwanja wa mita 20 kwa 15. Kila mmoja alipewa kipande chake na analima anachotaka. Mwaka wa pili magonjwa yamezidi. Tufanyeje?

Ugawaji wenyewe ndio tatizo. Mtu mwenye kipande kimoja hupanda kile anachokula kila msimu, na mwenye viazi vyenye bakajani huambukiza nyanya za wote. Mzunguko wa mazao hauwezekani vipande 12 vikienda kila kimoja njia yake.

Gaweni uwanja sehemu nne: nyanya na viazi, kabichi na jamii yake, maharage na njegere, karoti na vitunguu. Kila sehemu iwe na matuta manne ya upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 9, njia za nusu mita katikati. Kila mwanachama apate mita 3 za tuta katika kila sehemu, jumla mita 12. Msimu ukiisha, sehemu zote zinahama kwa pamoja, na hakuna anayebaki nyuma kwa sababu "nyanya zangu bado zinazaa". Hilo liandikeni kwenye katiba ya kikundi kabla ya kupanda, maana ndipo ugomvi huanzia.

Kabla ya kuweka chokaa, ambayo hupunguza tindikali, pimeni udongo kupitia afisa ugani. Ikithibitika una tindikali, gramu 200 za chokaa ya kilimo kwa mita ya mraba ni kiasi cha kuanzia. Ichanganyeni na udongo mwezi mmoja kabla ya kupanda, sio siku moja na samadi.