Joto la taa wakati wa kung'arisha meno

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba daktari alipomulika taa juu ya dawa ya kung'arisha meno ulihisi joto, kisha ukapata mchomo mkali kwenye meno mawili ya mbele, na sasa una wasiwasi kwamba yameharibika. Mchomo wa namna hiyo mara nyingi hutokana na dawa yenyewe, yaani peroksaidi ya haidrojeni, ambayo hupenya gamba gumu la jino hadi kwenye kiini chenye neva na mishipa ya damu, na kwa kawaida hutulia baada ya siku chache.

Hata hivyo, joto si la kupuuzwa. Kiini kimezungukwa na kuta ngumu, hakina nafasi ya kuvimba, na tangu utafiti wa mwaka 1965 uliofanywa kwa kima, madaktari huchukulia ongezeko la nyuzi 5.5 za Selsiasi ndani yake kuwa mpaka wa hatari. Taa za LED kwa kawaida hupasha jino kidogo kuliko leza yenye nguvu kubwa.

Kwa maoni yangu, taa haina faida ya kutosha kuvumilia mateso hayo, kwa kuwa tafiti nyingi hazijaona tofauti ya kudumu ya weupe kati ya waliomulikwa na wasiomulikwa. Omba awamu ijayo ifanyike bila taa, wala usikubali kuchomwa sindano ya ganzi, maana maumivu ndiyo yanayomwambia daktari asimame. Iwapo jino linauma lenyewe usiku, rudi ukapimwe mapema.