Maswali na Majibu: Basi la Shule la Mseto Katika Vilima vya Kigoma

SWALI: Ndugu Mhandisi, mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya msingi hapa Manispaa ya Kigoma Ujiji. Tuna Coaster mbili za dizeli zinazokusanya watoto kutoka Ujiji, Gungu na Mwandiga. Dalali mmoja anatushawishi tuziuze tununue basi la mseto, yaani lenye injini na mota ya umeme kwa pamoja, na anasema litapunguza mafuta kwa nusu. Wenzangu wanaona kuwa hayo ni mambo ya Ulaya, hayawezekani hapa. Tumsikilize nani? — *Msomaji, Mwanga, Kigoma*

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na hofu ya wenzako. Mabasi ya mseto si jambo la majaribio tena. Kampuni ya Hino ya Japani ilianza kuyauza mwaka 1991, na mwaka 1997 Toyota ilitoa Coaster ya mseto, ambayo injini yake ya petroli ya lita 1.5 ilikuwa kazi yake ni kuzalisha umeme tu, huku magurudumu yakizungushwa na mota. Mabasi ya shule ya aina hii yalianza kuingia barabarani nchini Marekani mwaka 2007. Kwa hiyo yanawezekana. Linalobaki ni kama njia yenu ya kila siku inalipa gharama yake, na hapo ndipo ninapotofautiana na dalali.

Faida ya kwanza ya mseto iko kwenye breki. Basi la kawaida likisimama, nguvu yote ya mwendo huishia kuwa joto kwenye pedi. Basi la mseto hugeuza mota yake kuwa jenereta, likarudisha sehemu ya nguvu hiyo kwenye betri. Coaster yenye watoto ina uzito wa tani 5 hivi, na ikiwa kwenye mwendo wa kilomita 40 kwa saa inabeba nguvu ya mwendo ipatayo sehemu 9 katika 100 za uniti moja, uniti hizi hizi tunazonunua kwa LUKU. Tuseme nusu yake inarejea. Lita moja ya dizeli ina takriban uniti 10 za joto, lakini injini hufikisha kiasi cha theluthi tu kwenye magurudumu. Ukigawanya, utaona kwamba inahitajika kusimama mara 75 hivi ili kuokoa lita moja.

Msikate tamaa kwa hesabu hiyo, kwa sababu matuta nayo yamo. Nguvu ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, yaani kasi ikipungua kwa nusu nguvu hubaki robo, kwa hiyo dereva anayeshuka kutoka kilomita 40 hadi 10 kwa saa ili avuke tuta ameshatoa zaidi ya sehemu 9 katika kila 10 za nguvu yake, karibu sawa na aliyesimama kabisa. Kisha kuna vilima, ambavyo kwa Kigoma ni mali: tukichukulia mteremko wa kutoka Mwanga kuelekea stesheni ya reli unashuka mita 50, basi lenu likiteremka mara moja linaweza kurejesha umeme sawa na wa kusimama mara nane. Mwenzenu wa Tabora, ambako barabara ni tambarare, hana bahati hiyo.

Naomba sasa mfanye jambo moja kabla ya kikao kijacho. Mhudumu wa basi akae na daftari kwa wiki nzima, aandike kila kituo, kila tuta, na dakika ambazo injini inanguruma basi likiwa limesimama. Hizo dakika mara nyingi husahaulika, ilhali basi la mseto huweza kuzima injini yake papo hapo. Zina uzito kwangu kuliko hata mafuta, kwa kuwa wanaovuta moshi huo ni watoto waliopanga foleni mlangoni, na tangu mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa limeuweka moshi wa dizeli kwenye orodha ya visababishi vya saratani.

Kwa njia ya kilomita 60 kwa siku, ambayo Coaster huitumia takriban lita 10, breki na kuzima injini vitaokoa lita moja na nusu, labda mbili. Nusu haifikiwi hivyo. Inaweza kufikiwa tu na mseto wa kuchomeka kwenye umeme, yaani ule ambao betri yake huchajiwa pia kwenye soketi, na hapo basi la shule lina nafasi ambayo daladala haina: hulala uwanjani usiku kucha, na mchana hupumzika kati ya zamu ya asubuhi na ya jioni. Kigoma iliyotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi isingefaidika, maana mngechoma dizeli ile ile mahali pengine. Umeme wa Gridi ya Taifa umebadili hesabu hiyo. Na umeme ukikatika, injini ipo, watoto watafika nyumbani.

Kinachonitia wasiwasi ni vumbi. Niliwahi kufungua kiti cha nyuma cha gari dogo la mseto kwa fundi mmoja pale Mwanga: feni inayopoza betri ilikuwa imefunikwa na vumbi jekundu lililoshikamana kama ukoko wa ugali, na betri ilikuwa imekufa kwa joto huku mwenye gari akilaumu umri wa betri hiyo. Chujio la feni hiyo lisafishwe kila mwezi wakati wa kiangazi. Msinunue pia bila kujua bei ya betri mpya, mkikumbuka kwamba vipuri vitasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

SWALI: Je, umeme wa mabasi hayo hauwezi kuwadhuru watoto basi likipita kwenye maji? — *Mzazi, Gungu*

JIBU: Ndugu mzazi, nyaya hizo hubeba volti mia kadhaa, lakini hazitumii bodi ya gari kama njia ya kurudishia umeme, na swichi za usalama huukata mfumo ukigundua uvujaji au ajali. Kupita kwenye dimbwi hakuna hatari. Maji yakiingia hadi ndani, watoto washushwe, basi lizimwe, na asiguse mtu waya wowote wa rangi ya chungwa mpaka fundi aliyesomea afike.

SWALI: Fundi wetu anasema anaweza kufunga mota kwenye Coaster kuukuu. Tumpe kazi? — *Mwalimu, Ujiji*

JIBU: Hapana, Mwalimu. Mota ataifunga, lakini breki za kawaida na za umeme lazima zigawane kazi kwa programu iliyopimwa kwa basi hilo hilo, na kipimo hicho hakifanyiki watoto wakiwa ndani.