Maswali na majibu ya kompyuta za ofisini: kabla ya kupiga Windows upya

Barua nyingi zilizofika safari hii zinafanana kwa jambo moja: kabla mwenye kompyuta hajauliza, fundi alikuwa ameshapiga Windows upya, na tatizo likarudi baada ya siku chache. Kupiga Windows upya hutatua hasa faili za mfumo zilizoharibika, na hata hizo mara nyingi hurekebishika kwa kuendesha amri ya DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, katika dirisha la amri lililofunguliwa kwa mamlaka ya msimamizi. Matatizo mengine mengi ya ofisini chanzo chake kiko kwenye ruta, kwenye waya, kwenye saa ya kompyuta au kwenye seva, na anayefuta kila kitu anafuta pia ushahidi ambao ungemwonyesha chanzo hicho.

Swali: Tuna ofisi ya uhasibu Morogoro yenye kompyuta 14 na ruta moja. Kila siku kuanzia kama saa nne asubuhi, kompyuta mbili au tatu hukosa mtandao, na anwani zake huanza na 169.254. Fundi amepiga Windows upya mara mbili. Je, kadi za mtandao zimekufa?

Jibu: Ushahidi ulioutoa hauelekezi huko. Kompyuta inapowaka hutangaza ombi kwenye mtandao ikitafuta mtu wa kuipa anwani, na kazi hiyo hufanywa na huduma ya DHCP, ambayo katika ofisi ndogo hukaa ndani ya ruta. Ombi hilo lisipojibiwa, Windows hujipa yenyewe anwani ya 169.254 yenye maski ya 255.255.0.0, ambayo haiwezi kutoka nje ya mtandao wa ndani. Kwa hiyo anwani hiyo inakuambia kwamba kompyuta iliuliza na haikujibiwa, na kazi yako ni kujua kwa nini.

Anza kwa kuitenga kompyuta yenyewe. Chukua moja iliyokosa mtandao na uipe anwani kwa mkono, kwa mfano 192.168.1.20, maski 255.255.255.0, na lango 192.168.1.1 kama ndiyo anwani ya ruta yenu, baada ya kuhakikisha kwamba hiyo 20 haitumiwi na printa wala kifaa kingine. Kisha andika ping 192.168.1.1. Ruta ikijibu, basi waya, kadi na Windows ni vizima, na kasoro iko kwenye ugawaji wa anwani. Isipojibu, badilisha waya na tundu la swichi kabla ya kugusa kitu kingine chochote.

Jambo la saa nne ndilo lililonivutia zaidi katika barua yako, kwa sababu huenda maana yake ni kwamba waliowahi kazini wanapata mtandao na waliochelewa wanakosa. Hiyo ni dalili ya ghala la anwani kuisha. Ruta nyingi ndogo hugawa anwani kama 100 hivi, au pungufu ikiwa aliyeifunga alipunguza, na kila anwani hukodishwa kwa muda maalumu, mara nyingi saa 24. Kompyuta zenu ni 14 tu, lakini hesabuni simu za wafanyakazi, simu za wateja waliopewa nenosiri la Wi-Fi tangu jana, na kamera za ulinzi. Mteja aliyekaa dakika kumi na kuondoka anaendelea kushikilia anwani hadi kesho. Ingia kwenye ruta na utazame orodha ya waliopewa anwani. Ukiikuta imejaa, panua ghala, wape wageni mtandao wao wa pembeni, na upunguze muda wa kukodisha upande huo wa wageni hadi saa moja au mbili. Seva ya Windows inayogawa anwani ina kasoro hiyohiyo kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa sababu muda wake wa kawaida ni siku 8.

Kuna chanzo kingine ambacho ni vizuri ukichunguze hata kama ghala halijajaa. Andika ipconfig /all kwenye kompyuta yenye mtandao na kwenye ile inayosumbua iliyopata anwani nyingine yoyote isiyo ya 169.254, kisha linganisha mstari wa DHCP Server. Kama moja inaonyesha 192.168.1.1 na nyingine 192.168.0.1, basi kuna mtu ameleta ruta yake kutoka nyumbani na kuichomeka ukutani ili apate Wi-Fi karibu na meza yake, nayo inagawa anwani zake yenyewe. Amri ya arp -a itakupa anwani ya MAC ya kifaa hicho cha pili, yaani namba ya utambulisho wa kadi yake ya mtandao, na kwa swichi inayosimamiwa utaweza kujua kiko kwenye tundu namba ngapi. Kwa swichi ya kawaida itabidi uchomoe waya mmoja baada ya mwingine hadi kipotee.

Swali: Umeme ukikatika, kompyuta ya mhasibu hurudi na tarehe ya miaka iliyopita, halafu inakataa kuingia kwenye domeni, yaani kundi la kompyuta zinazosimamiwa na seva ya ofisi. Wakati mwingine ujumbe unasema uaminifu kati ya kompyuta na domeni umevunjika. Tunaitoa kwenye domeni na kuirudisha kila wiki. Tufanyeje?

Jibu: Hayo ni mambo mawili yanayokutana mahali pamoja, na ni lazima uyatenganishe.

La kwanza ni betri. Kwenye bodi ya kompyuta ya mezani kuna betri ya duara, kwa kawaida CR2032 ya volti 3, inayoiweka saa hai wakati umeme haupo. Ikiisha, saa hurudi nyuma kila mara umeme unapokatika. Domeni ya Windows huthibitisha watumiaji kwa Kerberos, mfumo wa kutoa tiketi za kuingilia, ambao kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu kati ya saa ya kompyuta na saa ya seva, kwa sababu tiketi zake zina muda wa kuisha na saa mbovu ingemruhusu mtu kutumia tena tiketi ya zamani. Saa hiyohiyo iliyorudi nyuma ndiyo inayofanya tovuti za benki zikatae kufunguka, kwani vyeti vya usalama huonekana kana kwamba muda wake wa kutumika haujaanza. Badilisha betri, rekebisha tarehe kwa mkono, kisha andika w32tm /query /source. Jibu likiwa Local CMOS Clock, kompyuta haichukui saa kwa seva, bali inaitegemea ileile saa yake mbovu, na hapo utachunguza kama mlango wa UDP 123, ambao saa hupitia, umefungwa mahali fulani njiani.

La pili ni huo uaminifu. Kompyuta iliyo kwenye domeni ina nenosiri lake yenyewe, tofauti na la mtumiaji, ambalo kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya siku 30 bila mtu yeyote kuambiwa. Mtu akirudisha nakala ya zamani ya mfumo, nakala hiyo inakuja na nenosiri la zamani, na seva inaikataa. Kwa hiyo muulize fundi wenu kama baada ya kila hitilafu huirudisha kompyuta hiyo kutoka kwenye nakala aliyoihifadhi. Nadhani jibu litakuwa ndiyo. Huna haja ya kuitoa kwenye domeni. Ingia kwa akaunti ya msimamizi wa kompyuta yenyewe, fungua PowerShell kwa mamlaka ya msimamizi, na uandike Test-ComputerSecureChannel -Repair -Credential ikifuatwa na jina la msimamizi wa domeni. Ikijibu True, washa upya na umalize kazi. Tafadhali usiruke hatua hii kwa mazoea, maana kuitoa kompyuta kwenye domeni bila kujua nenosiri la msimamizi wa ndani kumewafungia watu wengi nje ya mashine zao wenyewe.

Ukiwa hapo, tazama pia mpangilio wa DNS, huduma inayogeuza majina ya seva na tovuti kuwa anwani. Mafundi wengi huweka 8.8.8.8, ambayo ni ya Google, ili intaneti ipatikane haraka, na kweli inapatikana, lakini Google haijui majina ya seva zenu za ndani, hivyo kompyuta haiioni domeni. Kuiweka kama ya pili hakusaidii, kwa kuwa Windows inaweza kuhamia huko seva yenu inapochelewa kujibu na ikabaki huko kwa muda. Kompyuta zote ziulize seva ya domeni peke yake, na seva ndiyo ipewe 8.8.8.8 ya kupeleka maswali ya nje.

Swali: Printa inayoshirikishwa inaleta kosa 0x0000011b. Nimeambiwa niweke RpcAuthnLevelPrivacyEnabled kuwa 0 kwenye rejista. Niweke?

Jibu: Nakusihi usiweke. Kosa hilo lilienea baada ya sasisho la Septemba 2021, Microsoft ilipolazimisha mazungumzo kati ya kompyuta na seva ya printa yalindwe, na hiyo sifuri inaondoa ulinzi huo kwenye mashine inayoshirikisha. Sasisha kompyuta zote mbili kwanza. Kama inayoshirikisha ni Windows 7 isiyoweza tena kusasishwa, iache pembeni: ikiwa printa ina tundu la mtandao, ipe anwani isiyobadilika na uifunge moja kwa moja kwenye kila kompyuta kwa anwani hiyo.

Swali: Natumia bando la simu kwenye laptop. Nikiunganisha tu, GB 2 zinaisha kabla sijafungua hata barua pepe. Nizime kabisa masasisho?

Jibu: Usiyazime. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, bonyeza jina la mtandao wa simu yako, na uwashe chaguo la kuhesabu data, linaloitwa Metered connection. Windows itaahirisha kupakua masasisho mengi, na OneDrive nayo itasimama kwa kawaida. Angalia kwamba chaguo hilo hufungamana na jina la mtandao, kwa hiyo ukibadilisha simu au ukibadilisha jina la hotspot ni lazima uliwashe tena. Wengi wanaosema halifanyi kazi wamekwama hapo. Kwenye sehemu ya Delivery Optimization, hakikisha laptop yako hairuhusiwi kugawa masasisho kwa kompyuta zilizoko kwenye intaneti. Ukurasa wa matumizi ya data, ulio chini ya mipangilio ya mtandao, utakuonyesha programu ipi ndiyo iliyokula bando, na mara nyingi mlaji mkubwa ni programu ya kuhifadhi picha, wala si Windows. Masasisho ya usalama hutoka Jumanne ya pili ya kila mwezi. Wiki hiyo tafuta mtandao wa ofisini au wa jirani mwenye faiba, na uyapakue yote kwa mkupuo.

Swali: Fundi alisasisha BIOS ya laptop yangu, ile programu ya msingi inayoiwasha, sasa inaomba namba ndefu ya tarakimu 48. Anasema tufute kila kitu. Nina tasnifu humo.

Jibu: Mzuie kwanza. Hiyo ni namba ya kurejesha ya BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski. Diski yako imefungwa kwa usimbaji, na ufunguo wake umehifadhiwa ndani ya chipu iitwayo TPM, ambayo huutoa pale tu inapoona kompyuta inawaka kwa njia ileile ya siku zote. BIOS ilipobadilika, chipu ilikataa, na hivyo ndivyo ilivyopaswa kufanya. Kwa laptop nyingi za sasa usimbaji huu hujiwasha wenyewe pale mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft mara ya kwanza, na ndiyo sababu huenda hukumbuki kuuwasha. Habari njema ni kwamba namba hiyo huhifadhiwa kwenye akaunti hiyohiyo. Kwa kutumia simu, ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey, na ulinganishe herufi 8 za mwanzo za kitambulisho cha ufunguo na zile zilizo kwenye skrini ya laptop. Kama laptop ni ya chuo au ya kazini, namba iko kwa msimamizi wa mtandao wao. Tafuta kwenye kila akaunti uliyowahi kuitumia, pamoja na ya mtu aliyekuuzia au aliyekuwashia laptop siku ya kwanza, kwa sababu bila namba hiyo hakuna fundi awezaye kuifungua, na anayekuambia anaweza anataka hela yako tu.

Kwa wasimamizi wa ofisi, kumbukeni Julai 19, 2024, pale sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya programu za usalama, lilipoangusha kompyuta za Windows zilizokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Tiba yenyewe ilikuwa kufuta faili moja katika hali salama, lakini kwenye mashine nyingi hukuweza kuifikia bila tarakimu hizo 48, na palikuwa na ofisi zilizoziweka kwenye seva ambayo nayo ilikuwa imefungwa. Zichapeni na mziweke kwenye kabati lenye kufuli. Na kabla ya kusasisha BIOS yoyote, simamisheni BitLocker kwa manage-bde -protectors -disable C: nayo itarudi yenyewe baada ya kompyuta kuwaka upya.

Swali: Nazima kompyuta kila jioni, lakini Task Manager inaonyesha imekuwa ikiwaka siku 23.

Jibu: Haikudanganyi. Tangu Windows 8, kuzima kwa kawaida hulaza kiini cha mfumo kwenye diski ili asubuhi kiamke haraka, na kasoro za jana huamka nacho. Chagua Restart, ambayo huanza upya kikamilifu, au shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza Shut down.

Swali: Shuleni kwetu mtandao wote ulikufa ghafla mchana, na taa zote za swichi zikawa zinameremeta kwa pamoja bila kupumzika. Kuzima na kuwasha hakukusaidia.

Jibu: Tafuteni waya ambao ncha zake zote mbili zimechomekwa kwenye swichi, ama ileile ama mbili ambazo tayari zimeunganishwa. Kwa kawaida mtu anayepanga meza au kusafisha huona ncha inaning'inia akaichomeka kwa nia njema. Ujumbe wa kutangazwa kwa wote huzunguka humo bila kikomo hadi hakuna nafasi ya kingine kupita. Chomoeni waya zote, mzirudishe mmoja mmoja huku mkitazama taa, na ule utakaoziwasha tena kwa pamoja ndio wenyewe. Mkinunua swichi nyingine, chagueni yenye kinga ya mzunguko, yaani STP, na muihakikishe imewashwa.