Elfu mia tano au laki tano?

Swali: Naandika makala fupi kuhusu namba 3,816,547,290. Kwa maneno nimeiandika "bilioni tatu milioni mia nane kumi na sita elfu mia tano arobaini na saba mia mbili tisini". Mwenzangu anadai lazima niseme "laki". Halafu nimeandika kuwa "tarakimu zake saba za kwanza zinagawanyika kwa saba". Niko sawa?

Jibu: Lazima haipo. Laki ni elfu mia, basi "laki tano, elfu arobaini na saba" na "elfu mia tano arobaini na saba" ni kitu kimoja. Mimi napenda laki kwa sababu inafupisha, lakini tatizo lako liko kwenye mkato, ambao hukuuweka hata mmoja. Wapo wanaotanguliza hesabu kabla ya elfu, wakasema "kumi na tano elfu" ili isidhaniwe ni 10,005. Msomaji wa namna hiyo akifika kwenye "kumi na sita elfu mia tano" yako, atazihamisha milioni 16 ziwe elfu 16. Andika: bilioni tatu, milioni mia nane kumi na sita, laki tano, elfu arobaini na saba, mia mbili na tisini.

Wala laki haitibu kila kitu. "Laki tatu elfu themanini na moja" ni 381,000 au 380,001? Bila mkato huwezi kujua. Katika namba yako "elfu arobaini na saba" haina utata, kwa kuwa inafuatwa na mia mbili, na mamoja hayatangulii mamia.

Hiyo sentensi ya tarakimu ndiyo yenye kasoro hasa. Tarakimu ni alama: 3, 8, 1, 6, 5, 4, 7. Alama zenyewe hazigawanywi, na msomaji anaweza hata kudhani unazungumzia jumla yake, ambayo ni 34. Kinachogawanyika ni namba inayoundwa nazo: 3,816,547 ukiigawa kwa 7 unapata 545,221 bila baki. Sema basi, "namba inayoundwa na tarakimu saba za kwanza inagawanyika kwa saba bila baki". Ni ndefu, najua, lakini ukishaisema mara moja unaweza kuendelea kwa kifupi: 38 kwa 2, 381 kwa 3, 3,816 kwa 4, mpaka namba nzima kwa 10.

Usiache "bila baki", maana namba yoyote hugawanywa kwa saba ukikubali baki. Na kama utaandika kwamba namba hii ni ya pekee, taja sharti lake: kila tarakimu, kuanzia 0 hadi 9, itumike mara moja tu. Ukiruhusu tarakimu kujirudia, zipo nyingine nyingi zenye sifa hiyo.