Jibu: Simfoni ya 10 ya Mahler ni ya nani hasa?

Mkuu, umeuliza kama Simfoni ya 10 (simfoni ni utunzi mrefu wa okestra) ni ya Gustav Mahler, mtunzi wa Austria, kweli, maana alifariki 1911 hajaimaliza. Mimi nasema ni yake, ila si kila noti.

Angalia alichoacha. Rasimu ya sehemu zote 5 ipo, mwanzo hadi mwisho, na muziki haukatiki popote. Sehemu ya kwanza alishaipangia okestra. Kwingine unakuta mistari ya noti kiduchu tu, mara sauti ya juu peke yake, na pembeni maneno ya uchungu kwa mkewe Alma. Deryck Cooke, mtaalamu wa muziki Mwingereza aliyeiandaa baadaye, alichofanya ni kugawa ala, hapa filimbi, pale tarumbeta, na kujazia sauti za katikati. Wala hakudai ameimaliza. Kwake ilikuwa rasimu iliyoandaliwa ili ipigike. Alma aliipiga marufuku kazi ya Cooke, baadaye akaisikiliza kwenye kanda, akalainika. Ikapigwa nzima London 1964.

Edward Elgar, mtunzi Mwingereza ambaye naye aliacha simfoni haijaisha, ni habari nyingine. Alifariki 1934 akaacha kurasa zaidi ya 130 za Simfoni ya 3, vipande vipande, na alishasema isiguswe! Mtunzi Anthony Payne, aliyeikamilisha, ilibidi atunge mwisho mwenyewe. Naipenda sana (ilitoka 1998), lakini dakika zile za mwisho najua namsikia Payne.

Ukitaka kusikiliza, anza na sehemu ya mwisho ya Simfoni ya 10 ya Mahler. Ngoma kubwa iliyofifishwa sauti inapiga pigo moja, kimya, pigo tena, na baadaye filimbi inaingia peke yake.